Sentensi ya Kumi na Mbili

6 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umeshamwambia fundi aweke kishikio kwenye ngazi za mbele. Uliniahidi tangu mwaka jana na najua hukumwambia. Sisi hatujambo. Mke wangu amepewa darasa la kwanza, anarudi nyumbani sauti imekwisha, kwa hiyo kwetu kuna amani ya kulazimishwa. Mjukuu wako ameota meno mawili na anatafuna kila kitu, hata prufu, zile kurasa za kusahihisha ninazobeba kutoka kiwandani kwetu, kwa wachapaji.

Sasa nikupe habari yenyewe, kaa chini kwanza. Riwaya yangu imekubaliwa! Ni ile niliyokusimulia, ya maswali matupu. Imepangwa kama karatasi ya mtihani: maswali arobaini, matatu ya mwisho bado nayaandika, juu ya mwandishi mmoja mashuhuri na familia yake, na chini ya kila swali kuna mistari mitupu, msomaji ajaze mwenyewe. Mhariri wa pale pale kiwandani aliposoma mara ya kwanza aliniuliza kama hii ni riwaya au nimekosea bahasha. Aliposoma mara ya pili alicheka, kisha akasema wataitoa.

Ila ana sharti. Anataka barua ya Babu ichapwe ukurasa wa kwanza, vilevile ilivyo, kwa mwandiko wake. Unaikumbuka? Nilikuwa na miaka kumi na minne, shule ya bweni, nikamtumia Babu insha yangu, naye akanijibu: "Una jicho la mwandishi. Usilifumbe kwa kuogopa watu." Nimehama nyumba sita na barua ile ndani ya jalada la plastiki. Unajua, Shangazi, jinsi jina la mzee lilivyonikalia shingoni. Kila mtu aliyewahi kusoma mstari wangu mmoja ameniuliza habari zake. Lakini barua ile ilikuwa ni yake na yangu, hakuna mwingine. Mtu aliyeandika Kitabu kilichosomwa na nchi nzima alikaa akanisoma mimi. Ndiyo maana naandika mpaka leo.

Wewe ndiye mrithi, kwa hiyo wanahitaji saini yako. Nimeambatisha karatasi ya ruhusa. Tia saini tu pale palipo na alama ya penseli.

Mwanao.


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Anayeshika kalamu ni jirani yangu wa mlango wa pili, yule muuguzi mstaafu, maana macho yangu yamegoma. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na zamu yangu ya kupasuliwa ni Julai. Usiwe na wasiwasi, naona mwanga na naona watu wanene.

(Mimi jirani naongeza: alimwaga chai nje ya kikombe siku tatu mfululizo kabla ya kukubali kwenda hospitali. Amenikataza nisiandike hili.)

Hongera sana kwa riwaya. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Hapa nyumbani mambo ni yale yale. Jumamosi wageni wanakuja, nawaonyesha meza ya babu yako, taipu, miwani, na kiti chake kilichozungushiwa kamba. Juzi mzee mmoja mzima na akili zake aliiruka kamba akakikalia kiti, akafumba macho, eti anasikiliza. Nilimwacha dakika moja, kisha nikamwambia kile kiti kina kunguni. Aliondoka mbio.

Nina shida moja na nimekuchagua wewe. Barua za wanafunzi zimefika mia moja na kumi na mbili, maana mitihani imekaribia. Wewe unajua kwamba tangu baba yangu afariki, miaka kumi na tisa sasa, nimekuwa nikiwajibu watoto hawa kwa jina lake na kwa mwandiko wake. Hukuwahi kunilaumu. Sasa sioni mstari. Mwandiko wako ulikuwa unafanana na wa babu yako tangu utoto. Nisaidie mwaka huu tu.

Karatasi ya ruhusa imefika. Tutaiongelea nikipona macho.

Shangazi yako.


11 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana kwa macho. Mke wangu anakutumia salamu na mtandio, usiuweke kabatini, uvae. Mwambie jirani asante, na aendelee kuongeza.

Kuhusu barua za wanafunzi, nisamehe, siwezi. Nitakueleza kwa nini, halafu unione mkorofi ukitaka.

Unajua wiki hii nasahihisha nini kiwandani? Kitabu chake. Chapa ya kumi na saba. Nakaa kwenye kile chumba chenye dirisha linaloangalia ukuta, rula mkononi, nashuka mstari kwa mstari katika maneno ambayo nimeyajua kwa moyo tangu darasa la sita, natafuta nukta iliyopotea. Saa nane kwa siku mimi ni mlinzi wa nukta za Babu. Jalada la nyuma bado limeandikwa "anaishi nyumbani kwake pamoja na binti yake". Nikakata kwa kalamu nyekundu, nikaandika "alifariki". Karatasi ikarudi kutoka juu na maneno manne: "Acha kama ilivyo, tafadhali." Sasa unaelewa kwa nini barua haziishi. Wageni wako wa Jumamosi wanajua, lakini shuleni kote wanadhani yupo, amekaa hapo sebuleni.

Na usisahau kwamba nilifeli mtihani wa Kitabu chake. Mimi, damu yake! "Mtahiniwa hajaelewa dhamira ya mwandishi." Mwalimu aliusoma mbele ya darasa, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Riwaya yangu nzima imetoka kwenye kicheko kile. Nikitoka kiwandani namkimbia Babu, nakuja mezani kwangu. Ukinitumia na barua zake, nitakimbilia wapi?

Nakuomba ile saini. Mhariri anataka kila kitu kabla ya mwisho wa Aprili.

Mwanao.


2 Aprili

Mwanangu,

Nimekusikia. Mtandio nimeuvaa, jirani anasema unanipendeza, ila yeye ni muuguzi, amezoea kuwadanganya wagonjwa.

(Si kweli, unampendeza.)

Hata hivyo barua nimezituma. Jirani amefunga gunia, basi la mizigo litalifikisha Jumanne. Nimekaa nazo mwezi mzima nikizipapasa. Kuna moja ina kitu kigumu ndani, nadhani ni ua lililokauka. Mtoto akibandika ua kwenye barua, hawezi kuachwa bila jibu. Pamoja nazo kuna daftari la kijani. Humo nimeandika sentensi kumi na nne za kujibia, na maelezo ya ipi inamfaa nani. Hutachoka.

Kuhusu ukurasa wa kwanza, nakuomba usiiweke ile barua. Weka picha ya nyumba, weka picha ya taipu, nitakupa hata ile miwani uipige picha. Barua acha. Usiniulize sana. Mimi ni mtu mzima na nakuomba.

Shangazi yako.

(Nimefunga mwenyewe. Alisema daftari la kijani, nami kabatini nimeyakuta mawili, jipya na lililochakaa. Sikutaka kumsumbua akiwa amelala, nimeweka yote mawili.)


27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hapa wote wazima.

Umenishinda, kama kawaida yako. Gunia lilikaa mlangoni siku tano nikilipita. Siku ya sita mke wangu akalifungua, akaanza kunisomea kwa sauti, nikajikuta nacheka. Mmoja anauliza kama Babu anaweza kumwandikia yeye jibu la swali la tatu. Mwingine anasema Kitabu kimemchosha lakini ana imani na mwandishi. Nimejibu kumi na moja mpaka leo. Shingo upande mwanzoni, lakini nimejibu.

Na kuna jambo linaloniudhi kulikiri: najua kumwandika. Naanza "Mpendwa msomaji wangu" na sauti inakuja yenyewe, ile ya kupunguza maneno, ile ya kumaliza ghafla. Barua moja dakika kumi. Nikirudi kwenye riwaya yangu, swali la thelathini na nane, nakaa saa mbili na nusu naandika mstari nakata, naandika nakata. Mke wangu aliniuliza, kwa mzaha tu, kama leo ningekuwa tajiri endapo ningezaliwa mimi ndiye Babu. Sikucheka.

Bado hujaniambia kwa nini barua yangu isiwekwe. Umesema nisikuulize sana, basi nakuuliza kidogo: kwa nini? Mhariri ameniongezea muda mpaka Agosti. Bila barua ile, anasema, kitabu changu ni "jaribio la mtu asiyejulikana". Hayo ndiyo maneno yake. Pasipo barua hakuna kitabu, Shangazi. Miaka sita ya kazi.

Nikimaliza hizi za juu nitachimba mpaka chini ya gunia, nione jirani amenipakilia nini.

Mwanao.


30 Mei

Mwanangu,

Kimya hiki ni cha nini? Mwezi umepita. Mtoto anaumwa? Mkeo hajambo? Nimempigia mkeo kwa simu ya jirani, akasema uko salama na una kazi nyingi, lakini alisema kwa sauti ya mtu anayesimamiwa. Kama nimekuudhi kwa gunia, niambie, lirudishe. Hospitali wameiwahisha zamu yangu, sasa ni tarehe ishirini na saba Juni, wataanza na jicho la kulia.

Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi yako.

(Kijana wangu, hili hajanisomea yeye, naliandika mwenyewe. Wiki iliyopita aliniuliza kwa bahati tu kama lile daftari la zamani lipo mahali pake. Nikamwambia nilikutumia yote mawili. Alikaa kitandani, akaniomba nitoke nimfungie mlango. Hakula siku ile. Sijui nimefanya kosa gani, lakini nimefanya. Nisamehe.)


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto hajambo, mke wangu hajambo. Mwambie jirani hana kosa.

Nimelisoma daftari lililochakaa. Lina orodha ya miaka ambayo Babu alikuwa hai, mzima, anatembea. Majina ya watoto, shule, tarehe, na pembeni namba ya sentensi. Nimejiona. Nimekaa kati ya msichana mmoja na mvulana mmoja, na pembeni yangu ni kumi na mbili. Wao pia ni kumi na mbili. Siku ile ile watoto saba tulikuwa na jicho la mwandishi.

Nyuma ya daftari nimekuta rasimu ya barua yangu kwa mwandiko wako wa kila siku. Kuna mahali uliandika "Babu yako anakupenda" kisha ukakata, mara mbili, kwa nguvu, karatasi imetoboka.

Nina swali moja tu. Je, aliisoma insha yangu?

Nakuomba jirani asiandike jibu.

Mwanao.


9 Julai

Mwanangu,

Ninaandika kwa mkono wangu. Jicho moja limefunguliwa, mistari inapanda mlima, vumilia. Jirani nimemtuma sokoni, nimempa orodha ndefu makusudi.

Hakuisoma. Nilimwekea mezani, juu ya kila kitu, nikamwambia ni ya mjukuu wako. Siku tisa ilikaa pale pale, aliweka kikombe juu yake. Siku ya kumi nikaichukua nikaenda nayo jikoni.

Baba hakuwahi kujibu barua ya mtu. Alisema barua zinamla. Mimi nilianza nikiwa na miaka ishirini na miwili, kwa sababu zilikuwa zinarundikana na nilikuwa naona haya. Nilijifunza mwandiko wake kwa kunakili bahasha. Yeye alijua, hakusema kitu. Nadhani alifurahi, lakini pia hakusema.

Lile neno nililolikata, nililikata kwa sababu sikujua kama ni kweli. Mimi mwenyewe sikuwahi kuambiwa. Ningekuandikiaje wewe?

Lakini insha nilisoma mimi. Ilikuwa ya mtu anayetengeneza saa ambaye kwake hakuna saa hata moja, anawauliza wapita njia ni saa ngapi. Nilisoma mara mbili, uji ukaungua. Sentensi niliwapa wengi, sikatai, nilikuwa na kumi na nne na watoto ni mia tatu. Wengine niliwapa kwa huruma. Wewe nilikupa kwa sababu niliona. Najua haikusaidii, maana mimi ni nani? Mtu wa kufagia kile chumba. Nimekuibia, na nimekuwa na hofu ya siku hii kila ulipokuja likizo ukiniambia unaandika.

Sasa sikiliza. Karatasi yako ya ruhusa iko humu, nimetia saini. Weka barua kama ya kwake, au andika ukweli wote, mimi na daftari langu, kuwa ndilo swali lako la arobaini. Sitakukana. Ila ujue walioko upande wa pili. Kuna daktari wa watoto ambaye barua yake ameiweka kwenye fremu ofisini. Kuna mwalimu alikuja Jumamosi moja na barua imechakaa kama noti, akalia pale mlangoni, akasema bila hii nisingesoma. Wako wengi, mwanangu, sijui idadi. Ukiwaambia, watasikia unavyosikia wewe sasa.

Sina ushauri. Nimechoka kuwa mtu mwingine, na sijui kuwa nani.

Shangazi yako, mwenyewe.


21 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia jicho la pili limekwenda vizuri. Hapa tuko salama. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza, akianguka anatutazama kwanza ajue kama ni jambo la kulia.

Nilikukasirikia sana. Nataka nikuambie waziwazi ili usidhani sikukasirika. Wiki nzima sikuweza kuishika kalamu, nilikuwa najiona kama mtu aliyejenga nyumba kwenye kiwanja cha mwenziwe. Kisha nikasoma tena barua yako iliyopanda mlima, pale penye uji ulioungua, na hasira ikanitoka. Nililia, mke wangu ni shahidi. Sasa najua nilisomwa na nani, na inatosha.

Swali la arobaini niliandika kama ulivyosema, ukweli wote. Likawa zuri kuliko mengine yote thelathini na tisa. Nikalibeba mpaka mlangoni kwa mhariri, nikakaa kwenye benchi pale nje, nikamwona akilini yule mwalimu wako, amesimama mlangoni kwako na karatasi yake. Nikalichana, nikaingia. Nikamwambia mhariri barua sitoi, ruhusa sina. Akanirudishia mswada wangu kwa heshima, akaniuliza kama nimeshamaliza prufu za chapa ya kumi na nane.

Lakini sikukubali kufa kikondoo. Kwenye gunia, nyingine zote nikiwa nimeshazijibu, ilibaki barua moja, ya yule mwenye ua. Ni msichana, ametuma na hadithi yake, kurasa nne, ya mama anayeshona miamvuli. Anaomba mvua inyeshe siku ambayo mtaa mzima una harusi. Shangazi, ni hadithi kweli kweli. Nikasema huyu simdanganyi. Sikumwambia Babu alikufa, hilo nilishindwa, lakini niliandika kwa mwandiko wangu, nikasema mimi ni mjukuu, nami pia naandika. Nikampa kurasa mbili, mstari kwa mstari, pa kukaza na pa kulegeza. Nikatia saini jina langu. Sijawahi kujisikia mwepesi vile.

Jibu lake limefika jana. Nakunakilia lote, ni fupi: "Ndugu mjukuu, nashukuru sana kwa kunisaidia. Lakini naomba umpe mwenyewe hadithi yangu akipata nafasi. Mwalimu mkuu amesema jibu lake likija litasomwa mbele ya shule nzima. Niko tayari kusubiri hata mwaka."

Nilicheka.

Nikafungua daftari lako nitafute sentensi ya kumpa, na hakuna iliyomfaa. Basi nikamwandikia mpya: "Mama huyu anahitaji mvua, usimfanye amwombe radhi mtu yeyote." Niliiandika mara moja, bila kukata. Miaka sita nimeitafuta sentensi kama ile kwa ajili yangu. Nimeiandika kwa mwandiko wake, nikatia saini yake, na asubuhi nimeipeleka posta.

Za gunia nimezimaliza. Nitumie nyingine.

Mwanao.